Aliyoyasema Verdell Kanisani

Ozella Whitlow aliletewa hati ya wito wa mahakama jikoni kwake, Jumanne asubuhi, akiwa na mwiko mkononi. Aliyeileta alikuwa msaidizi wa sherifu, kijana ambaye Ozella mwenyewe alimpakulia chakula cha shule tangu darasa la kwanza. Alimkabidhi ile karatasi huku akitazama viatu vyake.

"Samahani, Bi. Ozella. Ni lazima uende. Usipokwenda jaji atasema umeidharau mahakama, na kosa hilo lina jela yake."

"Nikienda nitatakiwa nifanye nini?"

"Useme kweli tu, mama."

"Kweli tu!" Ozella akatikisa kichwa. "Haya, nenda. Msalimie mama yako."

Alipofunga mlango alikaa kitini na kulia. Kweli hiyo iliyokuwa ikitakiwa ndiyo ingemfunga Verdell Mabry, rafiki aliyechuma naye pamba wakiwa wasichana, wakabatizwa siku moja, wakazikiana waume. Verdell alikuwa na miaka sitini na mmoja, na tangu Machi alikuwa ndani ya jela ya kaunti akingoja kesi ya kumuua mtu bila kukusudia. Na jambo lililomchoma Ozella zaidi, lililomnyima usingizi na hata hamu ya chakula, ni kwamba aliyempeleka Verdell huko ni yeye. Mdomo uliponza kichwa, wasema watu, lakini mdomo wa Ozella uliponza kichwa cha mwenziwe.

Mambo yalianza hivi. Verdell alikuwa akitunza wazee majumbani mwao, na mwaka ule wa tisini na moja alimtunza Thurman Haskew, mzee wa Kizungu wa miaka themanini na minne, mwenye mashamba ya soya nje ya mji. Mzee alikuwa na ugonjwa wa sukari, akidungwa sindano ya insulini kila asubuhi. Siku nyingi alidungwa na Verdell. Siku nyingine alidungwa na mwanawe, Royce, kabla hajaenda shambani. Kwenye mlango wa friji palibandikwa karatasi, na aliyedunga aliandika hapo saa na jina lake. Asubuhi moja Verdell alifika, akatazama karatasi, akaona haina kitu, akamdunga mzee. Kufika adhuhuri mzee alikuwa haamshiki tena, na kesho yake alifariki. Daktari alisema amepata dawa mara mbili, pengine zaidi. Royce aliapa kuwa siku ile yeye hakugusa sindano. Kopo la kahawa walimokuwa wakitupa sindano zilizotumika lilikuwa limekwisha kwenda na takataka.

Hayo tu. Nani alidunga na hakuandika, Mungu anajua. Polisi walipomhoji, Verdell alitumia haki yake ya kunyamaza, kama binamu yake alivyomshauri kwenye simu, na kwa siku tisa hawakuwa na kitu cha kumshika nacho.

Halafu ikaja Jumatano ya ushuhuda katika kanisa la Nebo.

Pale Nebo mtu akisimama kushuhudia hajipunguzii kitu. Anayejisafisha mbele ya Mungu huonekana ana kiburi, na watu humtazama kama aliyekuja kanisani na kofia ya sherehe kwenye msiba. Kaka Lemuel Yancey kila mwaka husimama akasema alimuua mama yake kwa njaa, na marehemu mama huyo alifariki na miaka tisini na miwili, amenenepa. Dada mmoja husema aliwahi kuichoma nyumba, naye aliunguza pazia. Ndivyo walivyolelewa. Unaubeba mzigo wote, hata usio wako, ili Bwana akupokee ukiwa umeinama.

Verdell akasimama. Alikuwa hajalala tangu mazishi. Alimshukuru Mungu aliyemwamsha asubuhi na viungo vyake vyote, kisha akainua mikono. "Watakatifu, mimi ndiye niliyemuua yule mzee," alisema. "Kwa mikono yangu hii miwili." Ozella alimwelewa vizuri. Alimaanisha kwamba ilimpasa ampigie Royce simu kwanza, aulize, asiiamini ile karatasi. Kanisa zima lililia.

Siku mbili baadaye Ozella alikwenda kutengeneza nywele. Na kwa kuwa ulimi hauna mfupa, na kwa kuwa alikuwa anajivunia rafiki yake, alisimulia saluni nzima: "Jamani, hamjasikia ushuhuda kama wa Dada Verdell! Alisema 'nimemuua kwa mikono yangu miwili,' akabubujikwa na machozi, hakubaki mtu mwenye macho makavu! Huyo ndiye mnyenyekevu." Chini ya kikaushio cha nywele cha pili alikaa shangazi wa mke wa sherifu. Jumatatu Verdell akakamatwa.

Walikuwapo watu arobaini usiku wa ushuhuda ule. Wapelelezi walipowazungukia, thelathini na tisa walikuwa wamepatwa na uzee wa masikio. Ozella hakuweza kuzeeka ghafla namna hiyo, maana saluni nzima ilikwisha msikia.

Wiki moja kabla ya kesi alikwenda kumwona wakili aliyepewa Verdell na serikali, Neal Gatewood, kijana mwenye tai iliyopinda na mafaili yaliyojaa mpaka kwenye kiti cha wageni. Ozella aliyahamishia sakafuni, akakaa.

"Nieleze polepole, mwanangu. Mimi niliishia darasa la nane. Verdell hana hatia mpaka ithibitishwe, sivyo?"

"Ndivyo, mama. Sheria inamhesabu hana hatia."

"Sasa mbona miezi mitano yuko ndani?"

"Kwa sababu ya dhamana. Familia haikuimudu."

"Kwa hiyo hana hatia, ila amefungwa."

Gatewood akajikuna shingo. "Ukiiweka hivyo inasikika vibaya."

"Niiwekeje isikike vizuri?"

Ozella akaendelea. "Maneno ya kanisani si siri ya mchungaji? Nimesikia hawezi kulazimishwa kuyasema."

"Ingekuwa siri kama angemwambia mchungaji peke yake, faraghani. Alisema mbele ya watu arobaini."

"Na mimi? Sikumwona akidunga mtu. Nitasema niliyosikia tu. Nilidhani mahakama haipokei habari za kusikia."

"Haipokei, mama. Isipokuwa maneno ya mshtakiwa mwenyewe dhidi yake. Hayo inayapokea."

"Basi asimame yeye aeleze alimaanisha nini."

"Akisimama, mwendesha mashtaka atamhoji mpaka achanganyikiwe. Unamjua alivyo, atajitwika kila kitu. Ana haki ya kukaa kimya, na nitamshauri akae kimya."

"Mwenye kuujua ukweli anyamaze, mimi nisiyekuwepo niseme." Ozella akacheka bila furaha. "Mliitunga mkiwa wazima sheria hii?"

Gatewood alisogeza kiti karibu. Uso wake ulikuwa wa mtu mwema, na hilo lilimpa Ozella tumaini zaidi ya maneno yake. "Nisikilize, mama. Wao ndio wanaotakiwa kuthibitisha, si sisi. Mimi nahitaji shaka moja tu, shaka yenye sababu, iingie kichwani mwa mtu mmoja kati ya wale raia kumi na wawili wa baraza watakaoamua kesi, maana lazima wakubaliane wote. Mwendesha mashtaka akimaliza na wewe, zamu ya kukuhoji itakuwa yangu. Nitakuuliza watu wa Nebo hushuhudia namna gani. Utawaeleza kama ulivyonieleza mimi. Habari ya Lemuel usiisahau."

"Lemuel nitamsema mpaka mchoke."

Siku ya kesi watu wa Nebo walijaza mabenchi mawili ya mbele, wanawake na kofia zao za Jumapili, Mchungaji Amos Teague katikati. Verdell aliletwa amevaa gauni la kijani alilonunuliwa na kanisa, limempwaya. Aliwageukia akawapungia vidole, na askari akamwambia atazame mbele. Baraza lilikuwa la watu kumi na wawili, wanane Wazungu na wanne weusi, miongoni mwao mama mmoja mnene aliyekuwa akijipepea kwa kipepeo cha kanisani. Ozella alimwekea yule mama matumaini yake yote.

Aliapa mkono juu ya Biblia. Kwake yeye kiapo hakikuwa desturi ya mahakama. Kilikuwa kiapo.

Mwendesha mashtaka, Lyle Brandt, alikuwa mtu wa sauti ya chini, mpole kama daktari wa meno. "Bi. Whitlow, Jumatano ya tarehe kumi na tatu Machi, jioni, ulikuwa wapi?"

"Kanisani, bwana. Jumatano jioni niwe wapi kwingine?"

Watu wakacheka, hata jaji.

"Mshtakiwa alisimama akasema. Alisema nini?"

"Alisema mengi. Alianza kwa kumshukuru Mungu aliyemwamsha na—"

"Kuhusu Bwana Haskew."

"Alisema yeye ndiye aliyemuua."

"Kwa maneno yake mwenyewe, tafadhali."

"'Mimi ndiye niliyemuua yule mzee, kwa mikono yangu hii miwili.' Lakini bwana, kama ungemjua Verdell—"

"Umejibu. Asante."

"Sijamaliza."

"Bi. Whitlow," jaji akasema bila ukali, "shahidi hujibu alichoulizwa."

Gatewood akainuka. Akauliza watu wa Nebo hushuhudia vipi, na Brandt akaweka pingamizi kwamba desturi za kanisa hazihusiani na kesi. Jaji akalikataa pingamizi. Basi Ozella akapewa uwanja, naye akautumia. Aliwaambia juu ya kujiinamisha, juu ya pazia lililogeuka nyumba, na alipofika kwa Lemuel alikuwa amechangamka kama yuko jikoni kwake.

"Je, Kaka Lemuel alimuua mama yake kwa njaa?" Gatewood aliuliza.

"Kwa njaa! Mama Yancey alikata roho na paja la kuku mkononi!"

Kicheko kilizunguka chumba kizima. Lemuel mwenyewe, benchi la pili, aliinamisha kichwa huku mabega yakitikisika. Mama mwenye kipepeo alikuwa anaitikia kwa kichwa, polepole, kama mtu aliyekaa sana kwenye makanisa ya namna hiyo na anajua kinachosemwa. Ozella aliiona shaka ikiingia. Naapa aliiona kwa macho. Gatewood akakaa chini, masikio yamemwiva kwa furaha.

Brandt akarudi taratibu, hana hata karatasi.

"Machache tu, Bi. Whitlow. Wewe mwenyewe hushuhudia?"

"Tangu nina miaka kumi na miwili."

"Ukisimama pale, unaongea na nani? Na hawa waliokaa?"

"Naongea na Mungu, bwana. Hawa wanasikiliza tu."

"Na ukiongea na Mungu, unamwambia kweli au unamwambia uongo?"

"Pingamizi!" Gatewood akaruka. Jaji akafikiri kidogo, kisha akasema ni yeye wakili aliyeufungua mlango huo wa habari za kanisa, shahidi ajibu.

Ozella hakuiona hatari mara moja. Alipoiona, ilikuwa imekwisha mfikia. "Si jambo la kweli na uongo," alisema. "Ni… mtu anajitwika."

"Sikuuliza kujitwika. Dada Verdell aliposimama mbele ya Mungu wake, siku chache baada ya kumzika mzee aliyekuwa mikononi mwake, alikuwa anamdanganya Mungu?"

Ozella alitazama kofia za Nebo, mwalimu wake wa kwaya, mchungaji aliyemzika mume wake. Nusu karne ya Jumatano. Neno moja lilitakiwa, 'ndiyo', na Verdell angepona. Lakini neno hilo lingesema kwamba pale Nebo watu husimama mbele za Bwana na kumwambia uongo, wote, Verdell akiwa wa kwanza. Na alikuwa ameapa. Na halikuwa kweli. Verdell alipolia Jumatano ile hakudanganya hata kidogo, alikuwa anasema alivyojiona. Ozella alitafuta maneno ya kulieleza hilo, na maneno yapo, angeyapata kama angepewa muda wa kukanda mkate. Mahakama haikuwa na muda huo.

"Bi. Whitlow?"

"Hapana, bwana," alisema. "Nebo hatumdanganyi Mungu."

"Sina swali jingine."

Alijua kabla hajafunga mdomo. Gatewood aliinuka nusu, akamtazama, akakaa tena. Mama mwenye kipepeo alikuwa ameacha kujipepea.

Yaliyofuata yalikwenda kwa utaratibu wote unaotakiwa, na mimi utaratibu huo ndio unaonitia hasira. Jaji aliwasomea wale kumi na wawili wajibu wao, kwa sauti nzuri. Kwamba mshtakiwa amekuja mbele yao akiwa hana hatia. Kwamba hakuwajibika kusema neno, na kimya chake kisihesabiwe dhidi yake. Kwamba wasimtie hatiani kama wana shaka yenye sababu. Waliingia chumbani baada ya chakula cha mchana, na saa kumi walikwisha toka. Ana hatia. Wiki mbili baadaye jaji akampa miaka minane.

Jumatano iliyofuata Mchungaji Teague aliita ushuhuda kama kawaida. Hakusimama mtu. Mpiga kinanda alipiga ubeti mzima, akaurudia. Hatimaye Lemuel akainuka kwa mazoea, akafungua mdomo, akautazama mlango, akasema, "Namshukuru Mungu kwa afya," akakaa. Wakafunga kwa sala saa moja kabla ya wakati.

Jumamosi Ozella akaenda jela, kabla Verdell hajahamishiwa gereza la wanawake. Walikaa pande mbili za kioo, kila mmoja na mkono wa simu sikioni.

"Umekonda, Ozella. Huli?"

"Niache na kula kwangu. Nimekuja nikuombe radhi, Verdell. Ya saluni, na ya mahakamani."

"Ya saluni nimekwisha kusamehe. Domo lako nimelijua tangu tuna miaka saba." Verdell akatabasamu kidogo. "Ya mahakamani sina cha kusamehe. Ungesema tulimdanganya Mungu, ningeficha wapi uso?"

"Ungeuficha nyumbani kwako! Ungekuwa nyumbani!"

Ozella akajifuta machozi kwa kiganja. "Gatewood anasemaje juu ya rufaa?"

"Anasema rufaa ni ya makosa ya sheria. Amesoma kurasa zote, hakuona kosa. Kila kitu kilifuatwa." Alisema hivyo bila uchungu, kama anayeeleza treni imekwisha ondoka. Kisha akausogeza uso karibu na kioo. "Ozella, nikuambie jambo. Siku zote nilijua nilimdunga mara moja. Niliiona sindano, niliitupa koponi, nikaenda kupika uji. Nilikuwa na uhakika na hilo kama jina langu. Lakini tangu walipotoka wale watu wakasema, nikifumba macho naona mbili. Naiona ya kwanza, naiona na ya pili."

"Ni mawazo tu hayo. Ni jela."

"Watu kumi na wawili, Ozella. Walisikiliza siku mbili nzima. Hawanijui, hawana ugomvi na mimi. Wote wakosee?"

"Hukumdunga mara mbili, Verdell! Nisikilize! Hukumdunga!"

Verdell alimtazama, na macho yake yalikuwa yanauliza kweli, kama ya mtu aliyepotea anayemwuliza njia wa kwanza anayepita.

"Umejuaje?" alisema. "Ulikuwepo?"

Askari alikuwa amekwisha simama mlangoni akionyesha saa. Ozella aliushika ule mkono wa simu kwa mikono yote miwili. Alilitafuta neno, na Verdell alikuwa analingoja.

"Sikuwepo," alisema.